Vitenzi vya Bibi Malsun

Kiburi si vazi la kwenda nalo kutafuta jambo. Bibi Malsun wa Mokpo, mji wa Korea Kusini, alilijua hilo mdomoni tu. Moyoni lilikuwa halijamfikia.

Mjukuu wake Taeo, mzaliwa wa Kanada, alikuwa anakuja kwa sikukuu ya mavuno, na hakujua hata neno moja la Kikorea. Bibi hakuwahi kumpakata. Kiingereza kilifundishwa bure katika ukumbi wa wazee pale mtaani, lakini mwalimu alikuwa Yunha, mkamwana wake, yuleyule ambaye Bibi alimgombeza kila siku kwa kukata figili vipande vinene. Na desturi ni desturi: kabla ya somo, wanafunzi wote husimama wakamwinamia mwalimu.

"Mimi nimwinamie mkamwana? Labda nife kwanza!"

"Basi ufe upesi, dada," jirani yake Gapsun akamtania, "tuje tunywe supu ya matanga."

Malsun akanunua kamusi, akameza vitenzi peke yake huku akimenya vitunguu saumu. Alivijua chungu nzima, ila hakujua jinsi vinavyoshikana hadi yakatoka maneno ya kumwambia mtu unayempenda. Siku ya simu ya video, alipouona uso wa mjukuu, furaha ilimpanda, akapaza sauti kwa Kiingereza: "Keti! Kula! Njoo! Lala!"

Taeo akajificha nyuma ya mama yake. "Mama, mbona bibi amenikasirikia?"

Mama huyo, bintiye Malsun, alipomtafsiria, maskini bibi alikata simu, akalia kwa kwikwi. Yunha alipoingia jikoni, Malsun alisingizia vitunguu.

Siku ya somo, wazee walipokuwa wakisimama, mlango ulifunguka, Malsun akaingia. Yunha akababaika. "Mama, tafadhali, wewe keti tu…"

"Nyamaza, mwalimu," alisema Malsun, akainama mpaka kiuno kikalia. "Nifundishe kubembeleza mtoto. Kuamrisha najua."

"Na supu yetu je?" Gapsun akauliza.

"Tutakunywa ya kwako!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yunha akageukia ubao, akafuta machozi kwanza, kisha akafundisha kwa sentensi za nyumbani: nimekupikia, ningependa ule, acha nikusaidie, nilikuwa nakungoja. Malsun alizirudia jikoni wakikata figili pamoja, na siku hizo hakuna aliyegombezwa kwa unene wa vipande.

Sikukuu ikawadia. Taeo alisimama mlangoni, ameng'ang'ania koti la mama yake. Bibi akapiga magoti hadi macho yao yakalingana, akasema polepole kwa Kiingereza: "Nilikuwa nakungoja. Ningependa ukae karibu nami."

Mtoto akaliachia koti, akaja kuketi mapajani mwake.

Malsun akainua macho kumtafuta mkamwana wake. "Mwalimu, nimepata?"

"Umepata, Mama."

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.