Risasi ya Kuagia

Sogeeni karibu, nanyi wa huko nyuma mwache kunong'ona. Nitawasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu haya, kisha mtanitolea uamuzi, maana mimi limenishinda, mwaka wa kumi na moja sasa.

Nilikuwa mpishi katika kambi ya Mawe Mekundu. Kambi ile ilikuwa na desturi yake: askari wanaomaliza mkataba siku moja hupewa risasi moja ya kuagia. Moja tu, hata wawe wangapi. Ng'ambo ya bonde, hatua mia nane, ilining'inizwa sahani ya bati, tena sahani ya jikoni kwangu. Ukiigonga huondoki. Unavalishwa nishani ya shabaha na unabaki kambini kuwafundisha kuruta. Ukikosa, unavua sare na kupanda lori. Katika miaka kumi na minane niliyokuwa nimeshapika pale, kila mtu alipanda lori.

Mwaka ule walimaliza watatu, na wote watatu hawakutaka kuondoka. Jeshi ndilo lililokuwa kwao.

Koplo Nyamizi alikuwa mlenga shabaha. Mwanamke yule akilala nyuma ya bunduki, huwezi kujua kama anapumua. Siku moja nilimwona nzi akitembea juu ya kope lake, naye hakupepesa. Mimi nzi akinigusa namwaga mchuzi.

Sikazwe alijua upepo. Sisi wengine tunausikia usoni, yeye aliuona. Alitazama majani, akatazama joto linavyotetemeka juu ya mawe, halafu akakwambia upepo umetoka wapi na utageuka saa ngapi. Hata jiko langu la kuni nililigeuza kwa ushauri wake, na toka siku hiyo moshi haukunitoa machozi tena.

Halafu Fundi Mbaruku wa karakana ya silaha. Mtu wa maneno machache. Ukimpelekea bunduki aisafishe, alikurudishia pamoja na habari zako: unaogopa mlio, unabana bega, jana hukulala. Alizisoma kwenye chuma. Tulimwogopa kidogo.

Siku ilipofika, kikosi kizima kilipangwa gwaride. Kanali Kyaruzi akauliza, "Nani atapiga?"

"Tutapiga wote, afande," Nyamizi akajibu.

Watu wakacheka. Kanali naye akatabasamu, akasema mbele ya gwaride, "Haya. Sahani ikilia, aliyeiliza anabaki. Wengine wanaondoka leo hii."

Hapo ndipo Kanali alipokosea. Neno la kamanda likishatoka mbele ya gwaride ni amri, halirudishwi mdomoni. Lakini nani angejali? Hakuna aliyetegemea sahani ile ilie.

Mbaruku akaifuta bunduki kwa kitambaa, akaikabidhi. Nyamizi akalala chini. Sikazwe akalala kando yake na darubini, akaanza kunong'ona, nami nilikuwa karibu nikasikia kila neno.

"Upepo wa hapa unatoka kulia. Wa kule korongoni unatoka kushoto. Zinapigana. Subiri."

Tukasubiri. Jua likatuchoma. Ugali wangu ulikuwa motoni na niliusahau kabisa.

"Subiri," Sikazwe akasema tena. "Subiri... Sasa."

Bunduki ikalia. Kisha kimya, kimya kirefu mpaka nikasema moyoni, basi, wamekosa kama wengine. Ndipo kutoka ng'ambo ya bonde tukasikia: *ting*.

Jamani. Nywele zilinisimama. Wanaume wazima walisahau kwamba wako kwenye gwaride, wakavua kofia. Sajini mmoja alikuwa analia na hajijui. Mimi nilikuwa nimeiosha sahani ile maelfu ya mara, na sijawahi kusikia ikitoa sauti nzuri namna ile.

Kanali akatoa nishani mfukoni, akasimama wima. "Aliyeiliza sahani, hatua moja mbele."

Buti tatu zikagonga ardhi kwa pamoja.

Kanali akawatazama mmoja mmoja. "Nishani ni moja," akasema. "Nielezeni."

"Afande, kidole kilichovuta ni hiki," Nyamizi akasema. "Kiulize kikosi hiki chote kama kuna mwingine angetulia muda wote ule."

"Kilivuta niliposema sasa," Sikazwe akasema. "Kabla ya hapo upepo ungeitupa risasi mbali, na baada ya hapo vilevile. Upepo ulitulia kwa pumzi moja tu, afande. Pumzi hiyo niliiona mimi."

Mbaruku alikohoa kwanza. "Koplo ana mkono mtulivu kuliko wote niliowaona. Ila tangu alipovunjika kidole hicho, miaka sita sasa, anavuta kombo kidogo. Mwenyewe hajui. Niliona triga yake inavyolika upande mmoja. Jana nilikisogeza kile kijino cha kulengea kwenye bunduki yake, unene wa unywele. Bila hivyo, afande, sahani isingelia."

Nyamizi akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia, Fundi?"

"Ningekuambia ungeanza kukifikiria kidole. Usingetulia."

Nyamizi akakitazama kidole chake kwa muda mrefu. Nilidhani atarudi nyuma ile hatua. Hakurudi. Wala wenzake hawakurudi, na sikuona mmoja akimchukia mwenzake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sahani ilikuwa yangu, nami ningeweza kujitokeza wa nne, lakini nilikuwa na ugali ulioungua na hofu ya Mungu.

Alichoamua Kanali siwaambii, maana mkikisikia cha mkubwa mtaacha kufikiri. Mimi nawaweka ninyi mahali pake. Kikosi kizima kinakutazama. Watatu wako mbele yako, hatua moja mbele, na kila mmoja amesema kweli tupu. Pini ya nishani imefunguliwa vidoleni mwako. Nyuma yako dereva ameshawasha lori, na lina nafasi mbili.

Haya, wewe hapo, anza wewe. Nani anabaki?