Nyayo za Likwembe

Sogeeni karibu. Leo nawatega, na sitaki mtu anijibu kabla sijamaliza. Mimi mwenyewe jibu sina, nimelitafuta mpaka nimechoka.

Palikuwa na watu watatu. Havijawa alikuwa na jicho: alichokitazama hakikumtoka. Ngwanda, mdogo wa mumewe, mchora mabango ya maduka, alikuwa na mkono: alichokiona alikichora kilivyo. Mwalimu Siwema alikuwa na hesabu: mpe kitu kilichochorwa, atakwambia kwa nini kiko hivyo.

Mume wa Havijawa aliitwa Likwembe. Mwaka wa mafuriko, binti yao Tunu alikuwa akicheza ndani ya mtumbwi, kamba ikakatika, mto ukamchukua. Likwembe alikuwa mbali, ng'ambo ya uwanja mpana wa matope. Akakimbia. Alikimbia macho yakiwa kwa mwanawe, mpaka akaingia majini, na maji hayakumrudisha. Mtumbwi ulinasa kwenye matete huko mto unakoteremkia, Tunu akaokolewa. Baba hakupatikana hata wa kuzikwa.

Matope yakabaki na nyayo zake, na nyayo zilikuwa zimepinda. Binadamu hatuna haya! Watu walikula wali wa msiba huku wakisema, "Mwanamume wa kweli angekwenda moja kwa moja. Yule alikuwa akizunguka. Aliogopa maji."

Havijawa akazilinda nyayo zile. Alifukuza ng'ombe, akafukuza watoto, akashinda juani macho yamemvimba. "Mume wangu hakuwa mwoga," alisema. "Kuna kitu hapa, ila sikijui."

Ngwanda alijua mto utapanda tena. Akachomeka vijiti, kijiti kwa kila unyayo, akapima, akauchora mstari wote kwenye ubao wa bango huku machozi yakidondokea rangi. Kesho yake uwanja ule ulikuwa chini ya maji.

Mwalimu Siwema alikaa na ubao ule likizo nzima. Siku aliyorudi, hata kiti hakukitaka.

"Bi Havijawa, mtumbwi ulikuwa ukienda. Mtu anayekimbilia kitu kinachokwenda, asikiondolee macho hata mara moja, njia yake hupinda hivi hivi. Angeacha kumtazama Tunu, akakata kwa mbele, angekimbia moja kwa moja. Pengine angemuwahi. Hakuweza kuacha kumtazama."

Havijawa alikaa chini pale mlangoni, akalia kilio ambacho siku ya msiba hakikutoka.

Miaka ikapita. Siwema akapewa kazi ya kuandika kitabu cha hesabu kwa Kiswahili. Mstari ule wataalamu wa mbali waliujua zamani, lakini kwetu haukuwa na jina. Mistari ya namna hiyo hupata majina kwa njia nyingi: upo ulioitwa kwa mnyororo unaoning'inia, ipo iliyobeba majina ya waliopiga hesabu. Siwema akawaita wenzake.

"Nafasi ni ya jina moja tu," akasema. "Tuseme."

"Uitwe Likwembe," akasema Havijawa. "Mume wangu hana kaburi, Mwalimu. Jina lake litakaa wapi?"

"Shemeji, uitwe Tunu," akasema Ngwanda. "Kaka hakupinda mwenyewe, alipindwa na mapenzi ya mwanawe. Na mtoto yu hai. Ajue alivyopendwa."

Siwema aliinamisha kichwa. "Mimi ningeuita mstari wa mfuataji, mwanafunzi aelewe unafanya nini. Jina la mtu watalikariri tu bila kumjua."

Tunu, ambaye sasa alikuwa sekondari, alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la chai. Akaliweka chini.

"Mama, msiuite baba. Baba mdogo, msiuite mimi. Siku utakapochorwa ubaoni nami nimekaa darasani, baba atakimbia tena, na hatafika tena."

Hakuna aliyeigusa chai ile.

Basi nisikilizeni. Havijawa aliulinda mstari ule, Ngwanda akauchora, Siwema akaufumbua. Angekosekana mmoja wao, Likwembe angebaki mwoga midomoni mwa watu. Na Tunu ndiye atakayeketi mbele ya ubao. Kitabu kinasubiri, na nafasi ya jina bado ni tupu.

Haya, semeni sasa. Wewe ungempa nani haki ya kuujaza ukurasa ule? Na wale uliowanyima, ungewatazamaje usoni?