F ya Kufunga, F ya Kufungua

Sikilizeni niwape kisa cha watu watatu wa kituo cha mafuriko, ukingoni mwa Mto Luhoza. Chausiku alikuwa na ujasiri wa kusema ukweli hata ukimuumiza mwenyewe. Somoe alikuwa na subira ya kuchambua jambo kama mchele. Lusajo alijaliwa kuyajua mazoea ya watu.

Malango ya maji yaliendeshwa kwa kompyuta: unaandika amri, lango linatii. Ila amri zilitungwa na watu mbalimbali, kila mmoja kwa mtindo wake. Kwenye lango la juu, herufi f ilimaanisha funga. Kwenye lango la chini, fungua.

Masika ya mwaka juzi, mto ulipofura, Chausiku aliandika f kwa malango yote mawili, akitaka kuyafunga. La chini likafunguka. Nyumba kumi na moja za kijiji cha Kitongo zikasombwa, na bibi mmoja akaokolewa juu ya paa. Wakubwa walikuwa tayari kuilaumu mvua. Chausiku akaandika barua: "Nilikosea mimi, na atakayekaa kiti hiki naye atakosea." Wakamhamishia stoo.

Barua ile ikamfikia Somoe. Alisoma amri zote mia mbili na sita, moja baada ya nyingine, akakuta vifupisho thelathini vyenye maana mbilimbili. Akatunga kanuni: kitendo kwanza, kwa neno zima, kisha kitu. Funga-lango. Fungua-lango. Kila amri ikapata jina jipya.

Wenzake walitaka majina ya zamani yafutwe siku hiyohiyo. Lusajo akakataa.

"Dada Somoe, kichwa kitajifunza leo, vidole vitajifunza mwakani. Mtu akichanganyikiwa akaandika jina la zamani, kompyuta itamwambia haielewi, basi?"

Akayaacha majina ya zamani, ila akayanyima nguvu. Ukiandika mojawapo, kompyuta inakuuliza unataka nini.

Aprili hii mto ukafura kupita mara ile. Chausiku alikuwa amerudishwa kitini. Simu ikaita kutoka Kitongo: "Maji yamefika darajani." Vidole vikakimbilia f ileile.

Kompyuta ikasimama. Kufunga au kufungua?

Akalikumbuka paa la yule bibi. Akaandika neno zima, funga-lango, herufi kwa herufi. Lango likashuka. Kitongo hakikuguswa.

Sasa mkuu wa kituo, Bi Ngonyani, anataka mmoja wa hao watatu awe msimamizi wa majina ya amri. Bila idhini yake, hakuna amri mpya itakayoingia katika kituo chochote cha mto ule.

Chausiku alikitaka cheo kile, na aliona haya kukitaka. "Mama, bila barua yangu kazi hii isingeanza," alisema. "Lakini barua yenyewe ilizaliwa na kosa langu."

"Na bila kanuni," Somoe akasema, "kompyuta ingekuelekeza kwenye neno gani?"

"Kanuni ilikuwepo," Lusajo akajibu taratibu, "na kidole bado kilikwenda kwenye f."

Bi Ngonyani ana nafasi ya jina moja tu, na mvua haijakatika. Nanyi mliosikia yote, mngemwandika nani?