Kombolela Pangoni kwa Fisi

Bisha basi. Wewe uliyemaliza shule, kaa hapo ubishe kwamba wanyama hawachezi mchezo wenye kanuni, mwamuzi na watazamaji. Mimi niliishia darasa la tano, tena sikulimaliza, lakini najua walichezea wapi, nani alipiga kelele na nani alilia. Nisikilize kwanza. Ukibaki na neno, lilete.

Mwaka ule mvua iligoma. Mto Msweki ulikauka mpaka kambare wa mwisho akafa na vumbi mdomoni. Likabaki dimbwi moja, ukubwa wa ngozi ya nyati, na kila mnyama alilijia kwa hofu, maana anayeinama kunywa ndiye anayeonyesha shingo. Simba akapanda juu ya jiwe, akatikisa manyoya yake mpaka wote wakamtazama, ndipo akasema:

"Kuanzia leo hakuna kumla mtu mpaka tone la kwanza la mvua. Mtu akifia mikononi mwako, utanijibu mimi."

Fisi alipiga makofi kuliko wote. Moyoni alikuwa msibani. Tumbo lake halikuwahi kukaa siku mbili tupu, na sasa linaambiwa lisubiri mawingu! Akajilaza kivulini, akawaza mpaka kichwa kikamuuma, maana hakikuzoea kazi. Kesho yake akaja anacheka.

"Mheshimiwa," akamwambia Simba, "watoto wamenyong'onyea. Tuwachezeshe kombolela."

"Mimi sichezi na watoto."

"Nani kasema ucheze, mzee? Wewe ni mwamuzi mkuu. Utakaa juu ya jiwe, sote tukutazame."

Simba akanyoosha shingo. "Mnitazame kutoka upande gani?"

Mambo yakaishia hapo. Fisi akajitolea kuwa mtafutaji. Atafumba macho kwenye gogo, wengine wajifiche. Atakayeonekana ni mateka. Lakini mmoja ambaye hajaonekana akifika akaligusa gogo na kupaza sauti, "Kombolela!", mateka wote wako huru, na mtafutaji anarudi kufumba macho upya.

"Na hao mateka watakaa wapi?" akauliza Mama Swala, mwenye watoto watatu miguuni.

"Pangoni kwangu, shemeji. Mchezo ukiisha, mshindi anachukua mateka wake."

"Unaisha lini?"

"Tone la kwanza la mvua likidondoka," Fisi akajibu, akameza mate.

Simba alikuwa anajaribu kugeuza uso upande wenye jua zuri. "Nimekubali," akasema.

Basi wakacheza. Siku ya kwanza Fisi alimwona mtoto wa ngiri, aliyeficha kichwa na kuacha makalio nje. Siku ya pili wawili wa Mama Swala. Na sasa cheka na mimi: siku ya tatu Mama Swala mwenyewe alikuja akimvuta kitinda mimba wake.

"Huyu hajui kujificha, shemeji. Mwone tu tumalize."

"Nimemwona!" Fisi akasema, hata hakufungua macho vizuri.

Mama Ngiri akaleta wa pili. Mama Pundamilia akaleta wake. Ukitafuta ujinga uliokomaa, huo hapo! Wiki haijaisha, Fisi akawa na mateka kumi na mmoja. Kati ya waliojificha, ambaye hakuonekana alikuwa Sungura peke yake.

Hapo ndipo Fisi alipokumbuka kile kipande cha amri: mtu akifia mikononi mwako. Nyama hii ilitakiwa ifike kwenye mvua ikiwa hai. Akaanza kuchimba mchanga wa mto, chini tu ya pango, mpaka kucha zikatoka damu. Akapata maji. Akayabeba kwa kibuyu, akarudi akachimba mizizi, akaleta majani mdomoni, yeye Fisi, majani!

"Babu, maji yana mchanga," mtoto wa ngiri akalalamika.

"Kunywa, mjukuu wangu, kunywa unenepe," Fisi akasema kwa upole wa kweli.

Kila akinyanyua kichwa kutoka shimoni, aliona gogo lake kule mbali, akaogopa Sungura asije akaligusa. Akalibingirisha mpaka pangoni, akalifanya mlango, akaacha upenyo wa kupitishia kibuyu. Sasa analinda gogo na mateka kwa jicho moja. Akajisifu mpaka jioni.

Siku moja akachungulia gizani, akahesabu macho yaliyokuwa yanamtazama. Jozi kumi na mbili. Akarudia. Kumi na mbili. Alikamata kumi na mmoja, lakini wewe ulishawahi kumsikia fisi akilalamika kwamba nyama imezidi? Akaongeza maji.

Siku ya arobaini, ngurumo ikapiga. Wanyama wote wakakimbilia pangoni kwa Fisi kuona mwisho wa mchezo, na Simba akakaa juu ya jiwe lililokuwa karibu. Mama Swala alisimama mbele kabisa, ananusa upepo. Fisi, mbavu nje, mate yanamchuruzika, akaweka mikono kwenye gogo tayari kulisukuma.

"Mheshimiwa, tone likidondoka tu, ni wangu?"

"Ni wako."

Kabla hajasukuma, mkono mdogo wenye manyoya ukatoka kwenye upenyo, ukaligonga gogo mara mbili.

"Kombolela!"

Tone likadondoka. Lilimpata Fisi puani, lakini lilichelewa.

"Ametoka wapi huyu?" Fisi akapiga ukelele.

"Nilikuwa ndani, mzee," Sungura akasema, anajipenyeza nje, shavu limejaa mzizi. "Nyuma kuna ufa. Umenitafuta kila kichaka isipokuwa kwako."

"Gogo lilikuwa mbele yako siku zote! Mbona hukuligusa?"

"Niliguse, na wewe unaleta maji?"

Fisi akamgeukia Simba. "Mvua imenyesha! Mchezo umeisha! Kila mtu ale anachokamata!"

"Mateka wamekombolewa," Simba akasema. Alikuwa ameshazoea kutazamwa juu ya jiwe. "Mtafutaji anarudi kufumba macho. Hesabu mpaka mia, nikusikie."

Fisi akaweka uso kwenye gogo. Akafika kumi na mbili, akakwama, akaanza tena. Mvua ikamtwanga mgongoni. Alipogeuka, watoto walikuwa wameshavuka bonde, miguu imara, shingo nene, kazi ya mikono yake mwenyewe. Akajaribu kuwakimbiza. Siku arobaini za njaa na kuchimba zikamkalisha chini kabla hajafika kichaka cha kwanza.

Haya, bisha.

Hubishi? Basi nikuongezee nililoacha. Ule ufa hakuugundua Sungura. Aliuona Mama Swala: siku ile alipouliza mateka watakaa wapi, alipita kulichungulia pango. Yeye ndiye aliyemtuma Sungura akae ndani na kumwonya asiguse gogo mpaka asikie ngurumo, kisha akawapitia akina mama mmoja mmoja: leteni watoto, kuna mtu atawachimbia maji bure. Nilipowaita wajinga nilijua. Lakini ningeanza kwa kukwambia mwerevu ni swala, ungebaki kunisikiliza?