Miguu Minane ya Kindi

"Kwani mbao zikija, kwa nini ninyi mnashika msumeno na mimi nashika ufagio?"

Hapo zamani za kale Kindi aliuliza swali hilo katika ua wa Bi Kobe. Nyati alijifanya anatafuta penseli. Kiboko akakohoa.

Msidhani walikuwa mafundi wa kulipwa. Walikuwa wakulima tu, na kila Jumamosi walijifurahisha kwa kutengeneza vitu vya nyumbani kwao kwenye meza moja ya useremala iliyokuwa pale uani. Sasa wale wakubwa wawili walitaka meza iwe yao peke yao. Walisema Kindi ana mikono laini ya kike, tena anawajazia nafasi. Hebu fikirini: kiumbe anayeenea kwenye kikapu, eti anajaza nafasi.

Kindi akasema haondoki kwa maneno matupu. Basi wakakubaliana mbele ya Bi Kobe kwamba kila mmoja atengeneze vigoda viwili vya miguu minne kabla wali wa Bi Kobe haujaiva. Vikalio vilikuwa vimekwisha kutobolewa matundu ya miguu. Iliyobaki ni miguu. Bi Kobe angeweka kikombe cha chai juu ya kila kigoda. Chai ikimwagika, mwenye kigoda asionekane tena kwenye meza ile.

Kazi ikaanza. Krr, krr, krr. Nyati alikata mguu wa kwanza, akautumia kupimia wa pili, wa pili akautumia kupimia wa tatu, na kila mara mguu ukarefuka kwa unene wa penseli. Hakuona. Kiboko alipima kwa jicho, maana kwake tepu ilikuwa ya waoga.

Kindi hakugusa msumeno. Alikusanya vipande vyake vinane, akavigonga ukutani mpaka ncha za upande mmoja zikalingana, akavifunga kwa kamba na kuchora mstari mmoja kuzunguka mzigo wote. Kiboko akamuuliza kama anakwenda kuuza kuni, kisha akaenda zake kunywa maji.

Hapo Kindi akamsogelea Nyati kwa unyonge.

"Kaka Nyati, Kiboko anasema huwezi kukata mzigo kama huu bila kupumzika."

"Kasema lini?"

"Sasa hivi. Eti pumzi yako ni ya mguu mmoja mmoja. Mimi nilikutetea, lakini ushahidi sina."

"Sogea, mdogo wangu."

Krrr! Krrr! Jasho likamtiririka Nyati, msumeno ukafuata mstari, na ncha nane zikaanguka chini, puu, kwa pamoja. Akamwagiza Kindi amwite Kiboko aje aone. Kindi akamshukuru kwa adabu zote, akafungua kamba, akaigongomea miguu kwenye vikalio vyake, ko, ko, ko.

Wali ukaiva. Kwenye kigoda cha kwanza cha Kiboko, chai ilimwagika kabla Bi Kobe hajaondoa mkono. Kwenye cha kwanza cha Nyati, kikombe kiliteleza polepole, kikasita ukingoni, kikaanguka. Kwenye vigoda vya Kindi chai ilitulia, na Bi Kobe akavinywa vikombe vyote viwili.

Ndipo Nyati akaukumbuka ule mzigo.

"Huo ni wizi. Jasho lilikuwa langu."

"Jasho ni lako, kaka, sibishi," Kindi akasema. "Lakini umekata miguu yangu minane kwa muda ule ule uliokatia yako miwili, na yangu inasimama. Nani hapa hajui kazi?"

Kiboko akaanza kueleza kwamba kazi ya kweli lazima ichoshe. Bi Kobe akamwambia aeleze huku anafungasha. Wakubwa wawili wakatoka uani na misumeno yao begani, na meza ikabaki kwa Kindi.

Funzo ni hili: anayejivunia jasho lake kuliko kazi yenyewe, atamtolea jasho mwenzake anayefikiri.

Nanyi wadogo zangu, nawaomba jambo moja. Dada yenu akitaka kujaribu msumeno, mpisheni.