Hodi ya Zimwi la Maji

Mmekaa vizuri? Basi tegeni sikio.

Palikuwa na zimwi la bahari lililokula nyumba za ufukweni. Halikuvunja mlango. Lilibisha hodi tu, na watu wa mji ule, kwa adabu zao, wakajibu, "Karibu." Hapo wimbi lilipanda, nyumba ikaenda na msingi wake.

Ikabaki nyumba moja, ya mjane Bi Mwanakheri.

"Hodi," likasema zimwi.

Hakujibu. Alitoka na mche wa mkoko, akauchomeka mbele ya kizingiti. Ukakua palepale.

"Hodi," likarudia.

Akachomeka wa pili.

Mara ya tatu likaja na sauti ya marehemu mumewe, aliyezama baharini. "Hodi, mke wangu. Nasikia baridi."

Hata hivyo akachomeka wa tatu. "Mume wangu aliijenga nyumba hii," akasema. "Angekuwa yeye, angekuja kuilinda."

Mikoko ikasukana mizizi, wimbi likakwama.

Mpaka leo, maji yakijaa, zimwi hubisha. Bi Mwanakheri yupo barazani, anakunywa kahawa yake, wala hageuki.

Nimefika mwisho. Mkisikia hodi sasa hivi, nyamazeni.