Muhuri wa Mwanakombo

Kutoka kwataka miguu, kuingia kwataka mwenye mlango. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Rukia, anayefunga mizigo kwenda ughaibuni, nanyi mmenijia mbio kutaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Asili yake ni hii.

Mwanakombo alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Vanga, upande wa Kenya. Aliishi Tanga miaka na miaka, akazaa huko, akafiwa na mume huko, na kibali cha ukaazi hakuwa nacho. Kila mara siku za ugeni alizogongewa kwenye pasi ya kusafiria zilipokaribia kwisha, alivuka mpaka, akanywa chai kwa dada yake Vanga, kisha akarudi kugongewa muhuri mpya kama mgeni. Majirani walimsihi atafute kibali. Yeye akawacheka, akasema mpaka ule anaujua kuliko jiko lake. Mjuaji, wajukuu zangu, hana dawa.

Safari moja siku zikamwishia wiki ya harusi ya Saumu, binti yake wa pekee. Akaondoka asubuhi, akaagiza wamwekee wali wa jioni.

Aliporudi mpakani, afisa wa uhamiaji, msichana mpole, alifunua pasi ukurasa baada ya ukurasa. Akamuuliza anakwenda wapi.

“Narudi nyumbani, mwanangu,” Mwanakombo akajibu bila kufikiri.

“Nyumbani ni wapi, mama?”

“Tanga. Jumamosi namwoza binti yangu.”

Afisa akaifunga pasi. “Mgeni hasemi anarudi nyumbani. Wewe unaishi huku, mama, na kuishi kunataka kibali. Leo siwezi kukuingiza.”

“Si nimepita hapa hapa asubuhi?”

“Ulitoka, mama. Kutoka kwataka miguu. Kuingia kwataka mwenye mlango.”

Mwanakombo aliomba, akalia, mwisho akarudi kwa dada yake. Harusi haikuweza kuahirishwa, wageni walikuwa wameshafika. Jumamosi akaisikiliza ndoa ya mwanawe kwa simu. Vigelegele vilipopigwa Tanga, naye akapiga chake uani Vanga, peke yake, hata majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kibali alikuja kukipata baadaye, kwa taabu. Lakini watu wakimuuliza harusi ya Saumu ilikuwaje, hasimulii nguo wala chakula. Huwaambia tu: kutoka kwataka miguu, kuingia kwataka mwenye mlango.